Neno Lililoshonwa Pembeni

Wapo ndugu zangu wanaosema hadi leo kwamba mimi ndiye niliyemzuia shangazi Adelina asipelekwe Dar es Salaam kutibiwa, na kwamba bila mimi huenda angekuwa bado anashona pale barazani kwake Ifakara. Hawasemi mbele yangu. Wanasema jikoni, au nje wakati wa kuosha vyombo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mtu asiyeweza kuongea hawezi pia kusikia. Siwalaumu. Msiba hutafuta mahali pa kuegemea, na mimi niko karibu. Lakini wanastahili jibu, na kwa kuwa kuongea kwangu ni kwa kidole kimoja juu ya simu, nimeona niwajibu kwa maandishi, taratibu, kama ninavyofanya kila kitu. Jibu lenyewe halianzii kwenye kitanda cha shangazi. Linaanzia katikati ya miaka ya tisini, mwaka niliotimiza miaka kumi na mitatu, bibi yangu alipofariki Sanje nami nikahamia Ifakara. Habari za baba na mama yangu nitaziacha, zina mahali pake. Mwaka ule ulikuwa na watu wachache tu, na kitambaa kimoja cha kaki ambacho kiko mapajani mwangu ninapoandika haya.

Nilizaliwa na mtindio wa ubongo. Mtu akiniuliza maana yake, humweleza hivi: amri inatoka kichwani ikiwa nzima, lakini njiani inakutana na amri nyingine ambazo sikuzitoa. Nikitaka kuchukua kikombe, mkono unakwenda juu, au nyuma, au unakakamaa. Ulimi ni hivyo hivyo. Maneno yapo yote, yamepangwa vizuri, lakini kinachotoka mdomoni ni sauti moja ndefu. Bibi alizielewa sauti zile. Alijua ipi ni ya njaa, ipi ya kuchoka kulalia upande mmoja, ipi ni mzaha. Alinijibu kwa Kindamba, na tukaongea hivyo miaka yote, yeye akipepeta mchele, mimi nikiwa nimeegemezwa kwenye gunia. Nilipofika umri wa kuanza shule alinibeba mgongoni akanipeleka. Siku hizo mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa hadi ashike sikio la upande wa pili. Akilishika, umri umetimia. Mkono wangu ulikwenda kila mahali isipokuwa sikioni. Mwalimu akasema kwa upole nirudishwe mwakani. Bibi alinirudisha mwakani, na mwaka uliofuata. Mara ya tatu, alipokuwa akinifunga mgongoni turudi nyumbani, alimwambia mwalimu kwamba siku mtoto huyu atakapolishika hilo sikio atakuwa tayari ana wajukuu. Nilicheka njia nzima. Nasimulia haya ili ieleweke kwamba bibi alipozikwa sikumpoteza bibi peke yake. Nilimpoteza mtu pekee niliyewahi kuongea naye.

Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulikaa sebuleni kwa bibi. Ndivyo tunavyofanya: watu wakishakula, na kabla wageni wa mbali hawajaondoka, wanaukoo hubaki kupanga nani atachukua nini, na kama marehemu ameacha watoto aliokuwa akiwalea, nani atawapokea. Mimi nililazwa chumba cha ndani, kwenye mkeka, kati ya magunia ya mpunga na kitanda cha bibi ambacho kilikuwa kimekwisha kufunguliwa mbao zake. Kuta za nyumba ile hazikufika juu, kwa hiyo kila neno lilinifikia, pamoja na harufu ya kambale wa kukaushwa na kisamvu. Waligawana masufuria. Waligawana majembe. Kisha baba mkubwa Kasiani, mtoto wa kwanza wa bibi, aliyekuwa amekuja kwa treni kutoka Uchindile, akasema limebaki suala la Otilia. Otilia ndiye mimi.

Shangazi Adelina, mdogo wake wa mwisho, alikuwa mjane na fundi cherehani. Alisema niende nikakae naye Ifakara. Baba mkubwa alimjibu kwamba mtoto wa ukoo hukaa kwa mkubwa wa ukoo, hawezi kuwekwa kwenye chumba cha kupanga kwa mwanamke anayeishi peke yake. Ila kwake nafasi ilikuwa bado, alikuwa na wajukuu tele. Basi Adelina anitunze hadi misa ya mwaka. Tukikutana hapa tena siku hiyo, yeye atanichukua moja kwa moja. Watu wakaitikia. Hapo ndipo nilipomsikia shangazi akiuliza, kwa sauti ndogo, kama anauliza bei ya kitu asichokuwa na uwezo nacho, je, na mimi mwenyewe nikitaka kubaki naye?

Baba mkubwa hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, na utotoni mwangu aliwahi kunibeba kutoka stesheni hadi nyumbani bila kupumzika. Alisema kama anayemfafanulia mtoto:

"Adelina, huyu si wa kuulizwa. Ukimweka hapa, yupo. Ukimweka pale, yupo."

Nilitoa sauti. Niliitoa yote niliyokuwa nayo, hadi shingo ikakakamaa. Sebuleni mtu mmoja akasema mtoto ana njaa, na nikaletewa wali.

Ndivyo nilivyopewa mwaka mmoja. Niliuelewa vizuri hata kabla wali haujapoa: siku ya misa ya mwaka nitachukuliwa, isipokuwa niwe nimejifunza namna ya kuulizwa na kujibu.

Chumba cha shangazi kilikuwa kimoja, chenye pazia katikati, na mbele yake baraza. Upande mmoja wa baraza ilikaa cherehani, upande wa pili nilikaa mimi, nimefungwa kiunoni kwa kanga kwenye kiti ambacho aliongezea mbao za kuzuia nisianguke. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na viazi vitamu; mchana wali, na samaki wa mtoni kama wamepatikana. Alikuwa akinilisha mkono mmoja, mwingine ukigeuza nguo, huku akiongea na wateja. Kila mtu Ifakara alikuwa na baiskeli, na shangazi alikuwa nayo ya marehemu mumewe, ndefu kuliko yeye. Alinifunga nyuma kwenye keria, nimeegemea mgongo wake, na hivyo tulikwenda kanisani, sokoni, na siku moja hospitalini. Huko mama mmoja wa mazoezi ya viungo alinitazama machoni kwa muda mrefu. Kisha akachora kwenye karatasi kikombe, sahani, kitanda, choo, akaishika mbele yangu na kuuliza ninataka nini. Mkono wangu ulizunguka, ukapotea, ukarudi, ukatua kwenye kikombe. Akaniletea maji. Shangazi alikaa kwenye benchi ghafla, kama miguu yake ndiyo iliyokuwa na tatizo.

Karatasi ile haikuishi wiki mbili. Ilikuwa msimu wa mvua. Ililowa, ikapata uji, ikachanika. Shangazi alisema karatasi si kazi ya fundi. Akachukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye kaptula za shule, akakata viraka kumi na viwili vya rangi, akavishona juu yake mistari minne, vitatu vitatu, na katika kila kiraka akadarizi picha kwa uzi mweusi na neno chini yake. Kingo za viraka alizinyanyua kwa uzi mnene, maana alikuwa ameona kwamba kidole changu kikiteleza hakirudi tena mahali pake. Hadi leo, ninapowatengenezea watoto wengine vitambaa vya namna hii, wazazi huniuliza nilisoma wapi jambo hilo la kingo. Sikulisoma. Lilibuniwa na mtu aliyekuwa akiutazama mkono wangu badala ya kuuonea huruma.

Maneno kumi na mawili yalikuwa haya: Shikamoo. Asante. Naomba maji. Naomba chakula. Naomba kujisaidia. Naomba kulala. Nimeshiba. Naumwa. Nasikia baridi. Samahani. Karibu. Kwaheri. Nilijifunza mahali pa kila neno kwa siku tatu. Wateja walikuja kuangalia, wengine wakilitaja jina la Mungu, wengine wakinijaribu kama wanavyojaribu redio mpya. Nilikuwa naanza na Shikamoo kwa kila mtu mzima, kwa sababu nilikuwa nimeishi miaka kumi na mitatu nikihesabiwa kuwa mtoto asiye na salamu. Wengi walifurahi, wakamgeukia shangazi na kumwambia, "Ona, ameamkia!" Hawakunijibu mimi. Marahaba yangu waliiacha hewani, wakaendelea kuulizia sketi zao.

Mteja mmoja, mwanamke wa sokoni mwenye maneno mengi, alikisoma kitambaa chote kwa sauti, kisha akasema, "Fundi, mbona hujamwekea hapana?" Shangazi alicheka akasema neno hilo hakuna mtoto anayefundishwa, wote wanazaliwa nalo. Lakini yule alipoondoka alinieleza kwa sauti nyingine, akiwa anapitisha uzi kwenye sindano bila kuniangalia. Alisema, mwanangu, wewe utakwenda kukaa kwa watu. Ukienda na adabu, watakupenda. Akatia mguu kwenye pedali. Nilitaka kumwambia jambo, ila halikuwa miongoni mwa yale kumi na mawili. Na msomaji asifikiri ningeweza kutikisa kichwa. Kichwa changu hutikisika chenyewe siku nzima. Kwa ndiyo nilikuwa naangalia juu, lakini kwa hapana sikuwa na kitu.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke tulivuka mto kwa pantoni, kama nusu ya mji, tukahamia shambani kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Shangazi alikuwa na kibanda cha nyasi juu ya kichuguu kilichosawazishwa, chenye chumba kimoja kinachonuka moshi, na kuzunguka shamba alikuwa amefunga kamba zenye makopo. Mwisho wa kamba aliufunga kwenye kiganja changu. Ndege wakitua, nilivuta, au mkono wenyewe ulivuta bila kuambiwa, na makopo yakapiga kelele hadi mwisho wa shamba. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani. Kwa mara ya kwanza mkono usiotulia ulikuwa mkono unaofaa, na shangazi alikuwa akiwaambia watu wa mashamba ya jirani kwamba ndege wa kwake wanapumzikia kwao.

Huko ndiko nilikomfahamu Mama Masanja. Familia yake ilikuwa imekuja bondeni na ng'ombe kutoka Usukuma muda si mrefu, na walikaa ukingoni mwa mashamba, wakitazamwa kwa mashaka na wakulima. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akasimama mlangoni akasema "mwangaluka," salamu ya kwao, kisha maneno yakamwishia. Nikamgusia Shikamoo. Shangazi akamsomea. Yule mama akakaa chini, akakiinamia kitambaa, akaweka kidole chake kikavu juu ya kiraka kile kile, akajibu akiniangalia mimi, polepole, "Ma-ra-ha-ba." Kisha akaanza kusafiri katika viraka akitafuta neno lake. Alifika kwenye kikombe cha maji, akatikisa kichwa, akaonyesha kibuyu, akaonyesha weupe wa macho yake. Maziwa. Tulicheka wote watatu. Alirudi karibu kila siku. Alikuwa mtu wa kwanza tangu bibi kunisubiri nimalize, na nadhani ni kwa sababu na yeye alihitaji kusubiriwa. Nimewaambia wazazi wengi jambo hili: usimtafute mtu mwenye elimu kubwa akusaidie kuongea na mtoto wako. Mtafute asiye na haraka.

Tulivuna, tukarudi mjini, na miezi ikaanza kuhesabika. Shangazi alizidi kuwa kimya. Barua ilikuja kutoka Uchindile, ameiandika mjukuu wa baba mkubwa, ikisema maandalizi ya kunipokea yanaendelea vizuri. Ndipo mama mmoja wa jumuiya yake ya kanisani alipomwambia kuhusu mchanga. Alimweleza kwamba kuna mtoto aliyezikwa hadi kiunoni katika mchanga wa mto, jua la mchana, siku saba, na siku ya nane akasimama. Wengi bondeni walikuwa wakiamini hivyo, na sidhani walikuwa wajinga. Mchanga wa moto hulegeza mgongo wa mkulima aliyechoka, kwa nini usilegeze miguu ya mtoto? Shangazi alinifunga kwenye keria. Njiani, bila kugeuka, alisema:

"Ukisimama, Oti, hata kidogo tu mbele ya Kasiani, nani atasema hujiwezi?"

Maji yalikuwa yamepungua na fungu la mchanga lilikuwa limejitokeza, jeupe, pana kuliko uwanja wa mpira. Alichimba kwa sahani ya bati, akaniweka nimekaa, akanifukia hadi kiunoni, akanifunika kichwa kwa kanga yake. Kitambaa alikitandika mbele yangu. Siku ya kwanza nilivumilia kwa sababu na mimi nilitaka kusimama. Siku ya pili nilivumilia kwa sababu yake. Siku ya tatu miguu ilianza kukakamaa mle ndani. Mguu wangu ukikakamaa hewani, unatetemeka kisha unaachia. Mchangani hauna pa kwenda. Misuli ilijivuta, ikashindwa, ikajivuta tena, na joto lilikuwa limepita ngozi likawa linaingia mfupani. Niligusa Naumwa. Shangazi akasema, vumilia mwanangu, dawa ikiuma inafanya kazi. Niligusa tena. Akanipangusa uso, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikagusa Naomba maji, akaninywesha. Nikagusa Samahani, akauliza kwa mshangao ninaomba radhi ya nini. Nikalitafuta neno lingine lolote lililokuwa karibu na nilichotaka kusema, na lililokuwa karibu zaidi ni Nimeshiba.

Alicheka. "Umeshiba nini, na hatujala tangu asubuhi?"

Nimeshiba. Nimeshiba. Nimeshiba. Kidole kilikuwa kinakwaruza ule uzi.

Kicheko kikakatika. Aliniangalia, kisha akakiangalia kitambaa, akapitia viraka vyote kumi na viwili kimoja kimoja, kama fundi aliyekwisha kuunganisha nguo akagundua kuna kipande hakukikata. Akaanza kunifukua. Sahani ilikuwa karibu naye lakini hakuitumia. Alifukua kwa mikono, haraka, akipumua kwa kelele. Ngozi ya miguuni ilikuwa imebabuka. Alinipakata pale pale mchangani, akaniegemeza kifuani. Kisha akasema:

"Sikukupa pa kusemea. Nimekupa pa kuombea na pa kushukuria, basi."

Kesho yake hakushona kazi ya mtu. Alitoa kipande chekundu kilichobaki kwenye majoho ya kwaya, akadarizi herufi sita za HAPANA, kubwa, bila picha. Katikati ya kitambaa hapakuwa na nafasi tena. Aliniuliza mkono wangu huangukia wapi ukichoka, tukajaribu mara nyingi, tukaona huangukia ukingoni kushoto. Akaishona pale, nje ya mistari, nusu yake ikining'inia. Halafu akavuta kigoda akakaa mbele yangu akasema mtu wa kwanza nitakayemkatalia ni yeye. Akaanza kuuliza. Nikupikie majani ya mpapai? Hapana. Nikuuze kwa wavuvi? Hapana. Nikuozeshe kwa mzee wa pantoni? Hapana, na nilicheka hadi nikakabwa. Kisha akauliza, bila kubadilisha sauti, nikupeleke Uchindile? Mkono ulikwama. Akasubiri. Uji uliokuwa jikoni uliungua, tukasikia harufu, na hakuinuka mpaka kidole kilipofika.

Upande wa nyuma wa kitambaa alishona herufi zote, kuanzia A. Baadhi nilikuwa nazifahamu, kwa kuwa nilimtazama miezi yote ile akidarizi majina ya watoto kwenye masweta ya shule. Tulisoma kila siku, yeye akishona, akitaja neno, mimi nikilitafuta. Nilikosea sana. Hakuwahi kunimalizia neno. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote kwa anayeongea na mtu kama mimi, na ninalirudia kila ninapopata nafasi: unajua neno linaelekea wapi, ulimi wako unawasha, lakini nyamaza. Neno ukinimalizia linakuwa la kwako.

Misa ya mwaka ilifika. Tulikwenda Sanje, tukaweka msalaba mpya, tukala wali na ndizi, na ukoo ukakaa sebuleni vile vile. Niliwekwa chumba kile kile cha ndani, mkeka ule ule. Nilisikia kikao kikifunguliwa. Kisha pazia likasogea, shangazi akaniinua, akanipeleka katikati ya sebule, akakaa sakafuni na kunipakata, kitambaa magotini pangu.

"Kaka," akasema, "kabla hamjaendelea, Otilia ana salamu."

Niligusa Shikamoo. Baba mkubwa aliinama akasoma, akamwangalia shangazi. "Mwambie marahaba."

"Mjibu mwenyewe, kaka. Anasikia."

Ilimchukua muda. Hakuwa na kiburi, hakujua tu aweke wapi macho. Mwishowe aliyaweka kwangu. "Marahaba, mama," akasema. Na kwa kuwa sasa alikuwa ananiangalia, aliendelea kuongea na mimi, kwa upole ule ule wa siku zote. Akaniambia amenijengea chumba. Amekipiga sakafu ya saruji ili nisipate baridi. Mlango unaangalia reli, nitakuwa naona treni. Wajukuu wamekwisha kupangiana zamu za kunilisha. Alikuwa amechanika mikono kwa kazi ile, na mikono yenyewe ilikuwa mbele yangu. Mwaka mzima nilijiandaa kumkatalia mtu asiyenijali. Sikujiandaa kumkatalia huyu.

"Basi, Otilia," akasema. "Utakuja?"

Mwili wangu nikiwa na wasiwasi hunitoroka kabisa. Mkono ulikwenda nyuma, ukampiga shangazi kidevuni. Ulirudi, ukapita juu ya kitambaa, ukaenda kulia. Nilisikia viti vikilia. Baba yangu mdogo aliyekaa mlangoni akasema amekubali huyo, tuendelee, watu wana safari. Shangazi angeweza kusema. Alijua jibu langu, na chumba kizima kilikuwa kinamtazama aseme. Alinyamaza. Hadi leo sijapewa zawadi inayozidi ukimya ule. Kidole kilishuka, kikaburuta kwenye ukingo, kikatua kwenye nyekundu.

Baba mkubwa alisoma. "Hapana," akasema taratibu, kama neno geni. "Nimekukosea nini?"

Niligusa Asante, kwa ajili ya chumba. Kisha shangazi akakigeuza kitambaa, nikaanza herufi. Ilichukua muda mrefu kuliko ibada ya mazishi. Wengine walitoka nje. Baba mkubwa alikaa, akitamka kila herufi niliyogusa, akikosea, akirudia, mpaka yakapatikana maneno mawili: BADO NASOMA.

Aliegemea kiti. Aliangalia mikono yake. "Kumbe anaulizika," akamwambia dada yake, na hakuna aliyecheka. Kikao kikahamia kwenye shamba la bibi. Chumba kile cha sakafu ya saruji waliweka mpunga, na kila mwaka, hadi alipofariki, baba mkubwa alipofika Ifakara alisimama mbele ya kiti changu, mikono nyuma, akisubiri aamkiwe.

Sasa nirudi kwenye kitanda cha shangazi. Miaka mingi baada ya kikao kile, kiharusi kilimchukua upande wa kulia pamoja na kauli. Madaktari wa hapa walifanya waliloweza, wakatuambia kwa ukweli kwamba safari ndefu inaweza kummaliza njiani, na kwamba huko mbele hawaahidi kitu. Ndugu zangu walileta gari. Walimpenda, na gari ndiyo namna waliyokuwa nayo ya kumpenda. Walisimama wakizungumza juu yake, wengine miguuni pa kitanda, wengine kichwani, nani atakaa naye nyuma, nani atashika chupa ya maji, na mmoja akasema hatuna haja ya kumchosha kwa maswali, hajui lolote sasa. Nilikuwa kwenye kiti changu cha magurudumu karibu na cherehani, iliyokuwa imeingizwa ndani. Nikagusa simu yangu, ambayo siku hizi inasoma ninachoandika, ikasema: "Subirini kidogo."

Nilikitandika kitambaa tumboni pake. Rangi zimekwisha kupauka, lakini kingo bado zimenyanyuka. Nikaandika, simu ikauliza: "Shangazi, wanataka kukupeleka Dar. Utakwenda?" Mkono wake wa kushoto uliinuka, ukatetemeka, ukaanguka kando. Ndugu mmoja akashika ufunguo wa gari. Nikainua mkono wangu, na kwa vile mkono wangu ukiinuka hauna adabu, wote walirudi nyuma. Tukasubiri. Kidole chake kilianza kutembea juu ya viraka alivyovishona mwenyewe. Kilifika kwenye Samahani, kikakaa pale kwa muda. Sijui kama kilikuwa kinapumzika, au kilikuwa kinasema na mimi juu ya mchanga. Sikukisogeza. Kisha kikaondoka, taratibu, kikatoka nje ya mistari, kikashuka hadi ukingoni kushoto, kwenye kile kipande chekundu.

Nilimuuliza tena kesho yake, mbele ya wote, kwa maana jambo kama hilo halifai kuulizwa mara moja. Kidole kilikwenda pale pale, safari hii bila kupotea.

Gari liliondoka tupu. Alifariki siku ya tisa, chumbani kwake, mchana, watu wakipita barazani na baiskeli. Ndugu zangu, hili ndilo jibu langu, na samahani kwa urefu wake. Sikumzuia shangazi. Aliulizwa, nasi tukasubiri, na alijibu.